Sasisho Likikata Mawasiliano, Usiling'oe

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Hapa Dar es Salaam hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi yao ya baridi. Maduka mengi ya Kariakoo yanakuwa yameshafungwa na kompyuta zimezimwa. Kwa hiyo kinachotoka kwao Jumanne, sisi hukikuta Jumatano asubuhi, fremu zinapofunguliwa Msimbazi, Aggrey na Mkunguni, na wateja wa jumla kutoka mikoani wameshafika wanataka mzigo na risiti.

Jumatano ya tarehe 15 Septemba 2021 ilikuwa siku ngumu kwa ofisi nyingi duniani. Sasisho la Windows 10 la siku iliyotangulia, lenye namba KB5005565, liliwakuta watu waliofunga printa kwenye kompyuta moja na kuzipitisha kompyuta nyingine humo humo. Kila walipojaribu kuchapa walipata hitilafu namba 0x0000011b. Huo ndio mpangilio wa maduka yetu mengi: printa iko kaunta, na kompyuta ya stoo na ya mhasibu zinaitumia kupitia mtandao wa ndani. Printa ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Kilichobadilika ni kwamba Microsoft, ikiwa katikati ya kuziba matundu ya huduma ya uchapishaji baada ya udhaifu ulioitwa PrintNightmare kufichuka miezi michache kabla, ilianza kuilazimisha kompyuta inayotoa printa ikatae mazungumzo yasiyolindwa vya kutosha. Ushauri uliosambaa haraka kuliko mwingine wowote ulikuwa kuling'oa sasisho lenyewe. Mafundi waliling'oa, wakazima Windows Update, printa ikachapa, mwenye duka akalipa.

Nayaandika makala haya kwa sababu mtindo huo umeshapanda ngazi. Haupo tena kwenye printa za kaunta tu. Uko kwenye ofisi za ghorofani, Kariakoo yenyewe, Upanga na Posta, ambako vijana wetu wanatengeneza programu za stoo, za mauzo, na zile zinazounganisha duka na mfumo wa risiti za kodi wa TRA. Ofisi hizo nyingi sasa zina seva ya kujengea programu: kompyuta moja inayochukua msimbo kutoka kwa watengenezaji wote, inaukusanya, inaupima, kisha inatoa programu iliyo tayari kupelekwa kwa wateja. Wengi hutumia Jenkins, wengine TeamCity au GitLab. Seva hiyo haifanyi kazi peke yake. Inaingia kwenye kompyuta saidizi, inavuta msimbo kutoka GitHub, inapeleka kazi iliyokamilika kwenye seva ya mteja. Asubuhi moja sasisho linaingia, na muunganisho mmojawapo uliofanya kazi miaka mitatu bila kuguswa unakataa. Mteja anapiga simu, bosi anasimama nyuma ya kiti chako. Hapo ndipo uamuzi mbaya hufanywa, na ndipo ningependa ukumbuke haya.

Sasisho la kawaida huongeza kitu. La usalama mara nyingi hukataza kitu. Linaifunga njia ya zamani ambayo wataalamu wamegundua kwamba mhalifu anaweza kuipitia, na kila aliyekuwa akiipitia kwa nia njema anajikuta nje. Ni sawa na mwenye jengo anayebadilisha kitasa cha geti baada ya kugundua kwamba funguo za cha zamani zinachongwa mitaani: wapangaji halali nao watagonga mpaka wapewe ufunguo mpya. Muunganisho unapokatika baada ya sasisho la usalama, kwa kawaida umepewa taarifa ya kweli kuhusu upande wako mmoja: kuna mahali ulikuwa ukitegemea njia dhaifu, na hukujua.

Mfano ninaoupenda kwa sababu unaonyesha jambo zima ni wa SHA-1. Hii ni hesabu inayofupisha taarifa ndefu kuwa alama fupi, na kwa miaka mingi ilitumika kutengeneza sahihi za kidijitali. Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1. Januari 2020 Gaëtan Leurent na Thomas Peyrin walionyesha shambulio la hatari zaidi, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa chini ya dola 50,000. Kwa genge la wahalifu, au kwa serikali yoyote duniani, hizo si fedha nyingi. Februari 2020 watunzaji wa OpenSSH, programu inayotumiwa na seva karibu zote za Linux kuingiliana, wakatangaza kwamba wataizima sahihi ya aina ya ssh-rsa inayotegemea SHA-1. Wakaizima kweli katika toleo la 8.8, Septemba 2021. Kati ya tangazo na tendo ulipita mwaka mmoja na zaidi. Toleo hilo na yaliyofuata yakaingia kwenye mifumo ya watu. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022 ilikuja na OpenSSH 8.9, na waliohama kutoka 20.04 wakakuta seva zao za kujengea haziwezi kuingia kwenye mashine za zamani, au mashine mpya zinazikatalia programu za zamani zinazotaka kuingia.

Sasa tuseme hilo limekukuta leo. Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kwamba kweli ni mlango uliofungwa, si barabara iliyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilisinzia nchi nzima, na ofisi iliyokuwa imesasisha seva jana yake ingeweza kulilaumu sasisho bure. Tofauti ni rahisi kuiona. Barabara ikikatika, ombi lako linaning'inia bila jibu mpaka muda uishe. Mlango ukifungwa, unajibiwa mara moja, na jibu ni la kukataliwa. Angalia pia saa na tarehe ya kompyuta. Mashine nyingi za mjini ni mitumba, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, na umeme ukikatika usiku saa inarudi nyuma miaka. Vyeti vya usalama husomwa pamoja na tarehe. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 itavikataa vyeti vyote vya leo, nawe utapoteza siku nzima ukitafuta kosa ambalo betri ya bei ya soda ingelimaliza.

Ukishajua ni mlango, uliza kilichobadilika ni nini. Swali hili hurukwa mno, na ndilo lenye jibu rahisi kuliko yote. Kwenye Ubuntu na Debian, faili la /var/log/apt/history.log linaandika kila kifurushi kilichosasishwa, kwa tarehe na saa, kutoka toleo lipi kwenda lipi. Kwenye Windows kuna historia ya masasisho ndani ya mipangilio. Linganisha saa ya sasisho na saa ya mara ya mwisho muunganisho ulipofanya kazi, ambayo Jenkins yenyewe inaitunza. Mara nyingi ndani ya dakika kumi utakuwa na kifurushi kimoja au viwili vya kushuku. Kisha soma maelezo ya toleo hilo. Najua hayasomwi, na najua yameandikwa kwa Kiingereza kikavu. Lakini maelezo ya OpenSSH 8.8 yalieleza waziwazi kitakachovunjika na yakatoa njia ya kujipima kabla. Aliyeyasoma Septemba 2021 alijua matatizo ya Aprili 2022 miezi saba mapema.

Halafu sikiliza pande zote mbili. Hapa mafundi wengi husikiliza upande mmoja tu, ule ulio mbele yao. Upande wa anayeingia, amri ya ssh ukiiongezea -vvv itakusimulia mazungumzo yote: funguo ilizotoa, aina za sahihi ilizopendekeza, na zilizokubaliwa na mwenzake. Upande wa anayeingiliwa, faili la /var/log/auth.log litakuambia kwa nini alikataa. Ukiziweka simulizi hizo mbili sambamba, tofauti inajitokeza yenyewe: huyu anatoa ssh-rsa peke yake, yule haitaki. Kwa miunganisho ya TLS, amri ya openssl s_client itakuonyesha toleo la itifaki na mnyororo wa vyeti. Usitafute ujumbe wa kosa kwenye intaneti kabla ya kufanya hivyo. Ukianza na kutafuta utapata majibu mia, na la kwanza litakuwa la kukufundisha kuzima ulinzi.

Kanuni yangu kuhusu marekebisho ni moja: pandisha upande uliobaki nyuma, usiushushe uliokwenda mbele. Mara nyingi kazi ni ndogo kuliko inavyotisha. Katika kadhia ya ssh-rsa, watu wengi walidhani ufunguo wao wa RSA umekufa, wakaanza kuzalisha funguo mpya kwa seva zote na kuvuruga wateja. Ufunguo haukufa. Kilichokataliwa ni sahihi ya SHA-1. Ufunguo uleule wa RSA unaweza kutia sahihi kwa SHA-256, na OpenSSH imeweza hivyo tangu toleo la 7.2 la Februari 2016. Kama seva yako ni mpya kuliko hiyo na bado inakataliwa, mkosaji si seva bali kipande cha programu kilicho katikati. Mara nyingi ni maktaba ya Java iitwayo JSch, ambayo toleo lake la mwisho kutoka kwa mtunzaji wa kwanza, 0.1.55 la mwaka 2018, halijui sahihi mpya. Imo ndani ya viongezi vingi vya zana za kujengea. Kusasisha kiongezi, au kuhamia toleo la JSch linaloendelezwa na watu wengine, kunamaliza kazi bila kugusa ufunguo hata mmoja.

Java nayo ina mkasa wake. Sasisho la Aprili 2021, la toleo 8u291 na 11.0.11, lilizima TLS 1.0 na 1.1. Programu nyingi zilizounganishwa na hifadhidata za zamani zilinyamaza siku hiyo. Jenkins yenyewe imepandisha Java inayoihitaji zaidi ya mara moja: toleo la muda mrefu la 2.361.1 la Septemba 2022 lilidai Java 11, na la 2.479.1 la Oktoba 2024 likadai Java 17. Ukisasisha seva kuu ukaisahau kompyuta saidizi iliyo kona ya ofisi ikiwa na Java 8, itakataa kuungana, nawe utadhani mtandao umeharibika. Ziandike kompyuta saidizi zako zote mahali pamoja, pamoja na toleo la Java la kila moja. Karatasi iliyobandikwa ukutani inatosha.

Nakubali kwamba zipo nyakati huwezi kuupandisha upande wa pili. Seva ni ya mteja, mteja ni taasisi kubwa, na idara yao ya TEHAMA itakujibu baada ya wiki mbili. Au kifaa ni cha zamani na mtengenezaji wake hatoi tena masasisho. Hapo unalazimika kuacha upenyo. Basi uwe mwembamba. Kwenye OpenSSH usiandike ruhusa ya ssh-rsa kwa seva zote. Fungua faili la ~/.ssh/config, andika sehemu ya Host yenye jina la mashine moja hiyo tu, na chini yake weka HostKeyAlgorithms +ssh-rsa, ukiongeza PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa kama nayo inahitajika. Juu yake andika maelezo: nani ameiweka, kwa nini, na tarehe ya kuiondoa. Tarehe hiyo iingize kwenye kalenda ya simu yako. Upenyo usio na tarehe ya mwisho huwa wa kudumu, na kijana atakayerithi kazi yako hatajua kwamba upo.

Tofauti ya upenyo mwembamba na mpana ilionekana vizuri Aprili 2022. Tarehe 12 mwezi huo Git ilitoa toleo la 2.35.2 kuziba udhaifu ulioandikishwa kama CVE-2022-24765. Tangu hapo Git ikakataa kufanya kazi ndani ya folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine. Seva nyingi za kujengea zilikuwa hivyo hasa: folda imetengenezwa na mtumiaji mmoja, kazi inaendeshwa na mwingine. Ujenzi ukasimama. Suluhisho sahihi lilikuwa kuurekebisha umiliki wa folda, au kuitaja folda moja inayoaminika kwenye mpangilio wa safe.directory. Lakini kuna alama ya nyota inayoweza kuwekwa pale ili kuziamini folda zote za kompyuta, na ndiyo iliyonakiliwa mahali pengi, kwa kuwa ni fupi. Anayeiweka nyota kwenye seva inayotumiwa na watu wengi amelifuta sasisho zima la usalama huku toleo likisomeka kuwa jipya. Afadhali aliyeling'oa, maana angalau anajua ameling'oa.

Kuna aina ya pili ya mkato, na hii inahitaji tahadhari tofauti. Ijumaa ya tarehe 24 Machi 2023, yapata saa mbili asubuhi kwa saa zetu, GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA unaoitambulisha seva yao, kwa sababu ufunguo wa siri ulikuwa umeonekana hadharani kwa muda mfupi. Seva za kujengea zilizokuwa zimeukariri ule wa zamani zilitoa onyo kali kwamba huenda kuna mtu amejipenyeza katikati ya mazungumzo. Onyo lile ndilo kazi ambayo SSH iliumbwa kuifanya. Wapo waliozima ukaguzi wa utambulisho kabisa, kwa kuweka StrictHostKeyChecking no, ili ujenzi uendelee. Mpangilio huo, ukiachwa, utamruhusu mtu yeyote aliye kwenye njia yako ajifanye GitHub milele. Kilichotakiwa ni dakika tano: kufungua ukurasa rasmi wa GitHub, kusoma alama ya ufunguo mpya, kuilinganisha na inayoonyeshwa kwenye seva yako, kufuta mstari wa zamani kwenye faili la known_hosts na kuweka mpya. Ikiwa alama hazilingani, simama na uite mwenzako.

Utaniuliza kama duka la vitenge la Kariakoo lina thamani gani kwa mvunjaji wa kompyuta aliye Ulaya au Asia. Usihesabu duka moja. Seva yako ya kujengea imeshika funguo za wateja wako wote: za kuingia kwenye seva zao, za kuunganisha malipo ya simu, za kutuma risiti TRA. Atakayeipata hahitaji kuvunja duka hata moja, kwa sababu wewe mwenyewe utawapelekea sumu yake ndani ya toleo lijalo la programu. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa kampuni ya SolarWinds ya Marekani. Wavamizi waliingia kwenye mfumo wake wa kujengea programu, wakapachika msimbo wao ndani ya programu ya Orion, na mwaka 2020 wateja wasiozidi 18,000 wakalipakua sasisho lenye sumu, likiwa na sahihi halali ya kampuni. Habari ilifichuka Desemba mwaka huo. Januari 2024 Jenkins ilikutwa na udhaifu wa CVE-2024-23897, uliomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya seva. Machi mwaka huohuo TeamCity ilikutwa na CVE-2024-27198, uliomwezesha kuitawala seva bila nywila. Dawa ya yote mawili ilikuwa sasisho. Aliyekuwa amezima masasisho tangu muunganisho ulipomkatikia mwaka 2021 aliyakosa yote mawili.

Na sheria sasa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Orodha ya wateja wa mkopo wenye majina na namba za simu ni taarifa binafsi. Mfanyabiashara akiulizwa kwa nini taarifa hizo zimevuja, jibu la kwamba fundi alizima masasisho ili printa ichape halitamsaidia.

Sikatai kwamba sasisho lenyewe linaweza kuwa janga. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili moja bovu la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 zikaanguka, zikiwemo za viwanja vya ndege na benki. Na Machi mwaka huohuo mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya matoleo mapya ya xz, maktaba inayotumika katika Linux, kwa sababu tu aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Ndiyo maana simshauri mtu asasishe kila kitu dakika ileile kila mahali. Sasisha kompyuta moja kwanza. Iache ifanye kazi siku mbili tatu, iendeshe ujenzi kamili, iingie kwenye seva zote inazopaswa kuingia, ichape risiti ya majaribio. Ikivuka, sasisha nyingine. Kuchelewa siku chache kwa mpango ni busara. Kuchelewa miezi ni hatari: Microsoft ilitoa dawa ya udhaifu wa SMB, njia ya Windows ya kushirikiana mafaili, tarehe 14 Machi 2017, na WannaCry, programu haribifu iliyopita kwenye udhaifu huo, ikalipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo, ikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Waliopigwa walikuwa wamepewa karibu miezi miwili.

Maandalizi hayahitaji fedha nyingi. Kompyuta ya majaribio inaweza kuwa mashine ya kufikirika ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta yako hiyohiyo. Piga picha ya hali yake kabla ya kila sasisho, ili uweze kurudi nyuma kwa dakika mbili wakati unachunguza. Kurudi nyuma kwa muda ili biashara iendelee, huku umeandika siku ya kurudi mbele, ni jambo halali kabisa. Panga siku ya kusasisha ambayo si Jumamosi, wala wiki ya kuelekea Idi au Krismasi, wala siku za kufungua shule Januari. Fuata matangazo ya TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na matangazo ya zana unazozitumia. Tarehe kama ile ya kuzimwa kwa SHA-1 hutangazwa mapema. GitHub ilikataa nywila za kawaida kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021, baada ya kutangaza miezi mingi kabla, na bado ujenzi ulisimama mahali pengi siku hiyo.

Nakala za akiba ziwe nje ya jengo. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021 ulitufundisha kwamba kilichomo ndani ya soko kinaweza kwenda chote kwa usiku mmoja. Diski ya akiba iliyo kwenye droo ya kaunta ileile yenye kompyuta huungua pamoja nayo. Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha ukaiona inafanya kazi usiihesabu.

Kwa mwenye duka na mwenye kampuni nina maneno machache. Mkikubaliana na kijana wa IT kazi ya kutengeneza mfumo, malipo ya matunzo ya kila mwezi yawemo kwenye mkataba, yakiwa na saa zilizotengwa kwa masasisho na majaribio. Kijana asiyelipwa kwa matunzo atakuja siku ya hitilafu tu, na siku hiyo atafanya linalomaliza haraka. Usimlipe fundi anayepiga window ya kukraki na kuzima masasisho kama sehemu ya huduma. Umenunua mlango uliokwisha kufunguliwa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta za duka lako bado ziko hapo, uliza leo kama zimeandikishwa kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unakoma Oktoba 2026, au zibadilishwe. Na unaposimama nyuma ya kiti cha kijana wako muunganisho umekatika, usimwambie arudishe kama ilivyokuwa jana. Muulize ni upande upi umebaki nyuma, na anahitaji saa ngapi kuupandisha.

Nawe kijana, wiki hii kabla lolote halijavunjika, ingia kwenye seva yako ya kujengea. Andika kila mahali inapoingia na kila anayeingia kwake, toleo la kila kimoja, na aina ya ufunguo kinachotumia. Tafuta mstari wowote wenye ssh-rsa, wenye StrictHostKeyChecking no, au wenye nyota kwenye safe.directory. Ukiukuta ambao hakuna ofisini anayejua kwa nini upo, anza na huo.